Siku Mturuki Alipovunja Mwiko Wake

Delbert Wozniak alipoingia kantini asubuhi ya mchujo, vijiko vilisimama. Vijana wenye vifua vipana kama milango ya ghala walizamisha nyuso kwenye sahani, kila mmoja akijifanya ana shughuli kubwa na mayai yake. Delbert alitaka kahawa tu. Akajimiminia, akatoka bila kumtazama mtu, na mlango ulipojifunga nyuma yake akasikia pumzi zikishushwa, halafu vicheko vya watu walioponea chupuchupu.

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, mwisho wa mwezi wa nane. Klabu ya Nyundo ya mjini Toledo, Ohio, huanza kambi na vijana tisini, na huingia ligi na hamsini na watatu. Hao wengine lazima mtu awaendee, mmoja mmoja, awaambie kwamba kocha anawaita na waje na vishikwambi vyao, vile vyenye mbinu zote za timu. Mchezaji akishakirudisha kishikwambi, hana timu. Mwenda kuwaita ni Delbert. Katika mpira wa Kimarekani mwenye kazi hiyo huitwa Mturuki, na ukiuliza kwa nini, kila mzee atakupa hadithi yake na hakuna mbili zitakazofanana. Delbert mwenyewe ni Mpolandi wa mtaa wa Lagrange, baba na babu. Sisi tungemwita Ziraili, tukamaliza maneno.

Kazi hiyo hakuiomba. Alifanya kazi katika kiwanda cha vioo mpaka tanuri lilipozimwa, akaja klabuni kufua jezi. Mturuki wa kabla yake alipostaafu, meneja wa wakati huo alitazama huku na huku, akanyoosha kidole. "Huyu wa dobi. Uso wake hausemi kitu." Kweli, uso wa Delbert ulikuwa mkavu kama ukuta. Taabu ilikuwa tumboni. Kila wiki ya mchujo tumbo lilimsokota, usingizi ukamhama, na mkewe Bernadine akawa hampikii ila uji.

"Wao ndio wanaofukuzwa kazi," Bernadine alimwambia, "wewe ndiye unayeharisha."

Alikuwa amejiwekea miko. Hamgusi mtu siku hiyo. Hasemi pole, maana pole ya Mturuki ni chumvi kwenye kidonda. Na mwiko mkubwa kuliko yote: habari njema haipeleki kamwe. Anayebaki kikosini haambiwi kitu na mtu yeyote. Hukaa tu na roho yake mkononi mpaka saa kumi jioni ipite, majina yakishapelekwa ligi, ndipo ajue kwamba kile kimya kilikuwa chake. Miguu ya Mturuki ikielekea kwako, maana yake ni moja, na vijana walijua hivyo. Mwaka mmoja jitu zima la ratili mia tatu lilijificha ndani ya kapu la nguo chafu, Delbert akalikuta limejikunja chini ya taulo likisali.

Mwaka huu, hata hivyo, taabu ilizidi, kwa sababu ya Isom Purdy.

Isom alikuwa mdakaji, kijana wa mashambani Arkansas, mpole, mwenye mikono ambayo mpira ukiigusa umefika kwao. Bernadine alimwokota mlangoni mwa kanisa mwezi wa tano, kijana alipomsaidia kusukuma gari lake lililogoma, na tangu siku hiyo kila Jumapili alikula kwao. Bernadine alimpikia pierogi, sambusa za Kipolandi za kuchemsha, za viazi na jibini, Isom akazila bila kuhesabu, kisha akaosha vyombo bila kuambiwa. Hawa wawili hawakujaliwa mtoto. Sitaki kueleza zaidi.

Wenzake walimcheka. "Wewe unakula meza moja na mnyongaji!"

"Bora nimjue mbwa wake," Isom aliwajibu. "Siku akija, angalau mbwa hatanibwekea."

Kasoro yake ilikuwa moja. Alikuwa mzito wa miguu. Mzito kwa kipimo chao, ndugu msomaji. Wewe na mimi angetuacha tukila vumbi. Lakini kocha alipowapima kwa saa, Isom alikuwa wa mwisho miongoni mwa wadakaji, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa mwenzake wa chumbani, Cortland Mays wa Louisiana. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, ila wahenga hao hawakuwahi kuajiri mdakaji. Cortland alikimbia mpaka watu wa magazeti wakaacha kuandika wakamtazama. Kisha mpira ulimgonga kifuani ukaruka ukaenda zake. Katika mechi ya kirafiki iliyopita aliwaacha mabeki wote nyuma, akabaki peke yake na nyasi, mpira ukaja taratibu kama unaomba kupokelewa, akauangusha. Lakini Mgala muue na haki yake umpe: kijana alikuwa na adabu, na kila jioni alibaki uwanjani na mashine ya kurushia mipira mpaka vidole vikavimba.

Nafasi ya mdakaji iliyobaki ilikuwa moja.

Tangu asubuhi Delbert alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi ya meneja, akipewa jina, akaenda, akarudi, akapewa jingine. Majina hutolewa kwa mdomo tu. Kila Pruett, meneja wa sasa, alipofungua kinywa, Delbert alingoja jina limalizike kutamkwa, lisiwe la Isom. Saa saba mchana ikapita. Meneja na kocha wakafika kwa wadakaji, na mlango wakausahau wazi.

"Miguu haifundishwi," Pruett alisema. "Mikono unaweza kuifundisha. Huyu Mays akisimama pembeni tu, mabeki wawili wanarudi nyuma kwa hofu. Hata asidake mpaka Krismasi, ameshawafungulia wenzake uwanja."

"Na mabeki wakigundua hadaki?" aliuliza kocha Lyle Brandvold. "Nakupa wiki tatu. Watamwachia mtu mmoja tu, tena amchunge huku anakula karanga."

"Na huyo Purdy wako? Beki mwenye magoti mabovu anamkuta!"

"Anamkuta, ndiyo. Akiwa na mpira mkononi."

"Timu nzito inazeeka kabla ya theluji, Lyle."

"Na timu isiyodaka inafukuza makocha. Mimi nina watoto wawili chuoni, bwana."

Delbert alijua kwamba wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililomtesa. Laiti mmoja angekuwa mjinga, angemchukia akapumua. Alikaza macho kwenye kitasa cha mlango.

"Haya," Pruett alisema mwisho, kwa sauti ya mtu aliyetolewa jino. "Purdy abaki. Lakini majina hayaendi ligi mpaka saa kumi. Akinipa sababu, hata ndogo kama punje, namtoa na Mays anarudi. Usije ukalia." Akageuka. "Del, mlete Mays. Ila subiri nusu saa kwanza, kocha ana mtu wa kumalizana naye."

Delbert alitoka nje na furaha yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana furaha kwa mtu asiyeizoea ni kama pombe.

Hoteli ya wachezaji ilikuwa upande wa pili wa maegesho ya magari. Kwenye ukingo wa saruji, juani, Isom alikuwa ameketi peke yake, kishikwambi mapajani, akitazama lami. Alikuwa amekonda. Bernadine alisema kijana hajala tangu juzi, na sasa Delbert aliona kwamba ni kweli. Bado zaidi ya saa mbili za kuketi hivyo. Kwa nini? Neno moja tu, la pembeni, na kijana angenyanyuka akale. Nani angedhurika?

Akavuka maegesho.

Isom alinyanyua uso. Wachezaji wengine watatu waliokuwa wakiegemea gari waliona pia. Delbert, ili kumtuliza, akatabasamu. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona Mturuki akitabasamu, na tabasamu lenyewe, kwa kukosa mazoezi, lilitoka kama huruma ya msibani.

"Usiseme, mzee," Isom alisema, akisimama. "Nakuomba. Nimeshaona."

"Isom, ngoja, sikuja ku—"

"Umenilisha mezani kwako. Usiniambie hapa mbele ya watu."

Akamsukumia kishikwambi mikononi, akageuka, akaenda kwenye gari lake kuukuu la mizigo, la rangi ya udongo. Hakukimbia, lakini alitembea kwa namna ambayo huwezi kumshika. Delbert alimwita kwa jina mara mbili, kwa sauti kubwa, na kwa kuita huko akazidi kuharibu. Wale watatu waliinamisha vichwa. Mmoja alivua kofia. Gari likanguruma, likatoka getini, na Mturuki akabaki katikati ya maegesho na kishikwambi cha mtu ambaye hakufukuzwa. Ghorofa ya pili pazia lilisogea. Delbert aliliona, asilitilie maanani.

Alimpigia Isom simu. Imezimwa. Akapiga tena akiwa tayari ndani ya gari lake. Kijana anayerudi Arkansas atashika barabara kuu ya kusini, akajiambia, na atajaza mafuta kabla ya kutoka mjini. Akaenda kituo cha kwanza cha mafuta. Hayupo. Cha pili, hayupo. Kila gari la mizigo la rangi ya udongo lilimrusha moyo, na Ohio nzima siku ile ilionekana imeamua kuendesha magari ya mizigo ya rangi ya udongo. Alilifuata moja mpaka kwenye taa nyekundu, dereva akageuka, kumbe mama mnene na mbwa wake.

Simu ikalia. Pruett.

"Naambiwa Purdy ameondoka kambini na kishikwambi ameacha. Kweli?"

"Ametoka kidogo tu, bwana."

"Ametoka kidogo. Saa tisa na nusu kuna kikao cha wadakaji, kocha anataka wote ambao hawajaitwa wawepo. Kiti chake kikiwa kitupu, huyo si wangu tena. Nimesema."

Delbert alisimamisha gari kando ya barabara, akafungua mlango, akatapika kahawa yake majanini. Kijana alikuwa amebaki kwa haki yake, kwa mikono yake, na sasa alikuwa anafukuzwa kwa wema wa mzee mmoja mpumbavu. Ndivyo alivyojiita, kwa sauti, kwa Kipolandi cha mama yake. Angempata wapi? Angemweleza nini Bernadine? Malori yalipita yakimtikisa. Akapiga ile namba tena, na tena, kama mtu anayebisha nyumba aliyoona imehamwa.

Simu ilipolia yenyewe, nusura aiangushe. Alikuwa Bernadine.

"Njoo umchukue mtu wako," mkewe alisema kwa sauti ya chini yenye hasira. "Yuko jikoni kwangu. Amekuja kuniaga. Ananiambia asante kwa pierogi, Delbert, huku analia! Nyinyi watu mna mioyo ya namna gani?"

"Mshike! Mfungie mlango! Amebaki, Bernadine, amebaki!"

"Amebaki wapi? Si nakwambia yuko jikoni?"

"Kikosini! Mwambie!"

"Mimi sitamwambia kitu cha klabu yenu. Njoo umwambie kwa mdomo wako."

Aliingia kwake bila kufunga mlango wa gari. Isom alikuwa mezani, begi miguuni, sahani imejaa mbele yake na uma haujaguswa. Mbwa alikuwa ameweka kichwa juu ya kiatu chake. Kijana aliinuka kwa heshima, kama alivyoinuka siku zote mzee wa nyumba alipoingia, na heshima hiyo ilimchoma Delbert kuliko tusi.

"Kaa. La, usikae, hatuna muda. Isom, sikukuja kukuita. Nilikuja kukwambia umebaki."

"Wewe hupeleki habari hizo, mzee. Kila mtu anajua."

"Sipeleki. Leo nimepeleka. Nimefanya upumbavu."

Isom alimtazama Bernadine. "Mama Bernadine, huyu anasema kweli?"

"Miaka yote niliyoishi naye," Bernadine alisema, "hajawahi kusema uongo wenye faida. Nenda."

Kijana alishika ukingo wa meza. Kicheko kilimtoka, kikageuka kikwifukwifu, akafuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Halafu, wakiwa tayari wanashuka ngazi za barazani mbio, akasimama ghafla.

"Na Cort?"

Tangu pale maegeshoni Cortland Mays alikuwa amemtoka Delbert akilini kabisa, kama vile hakuzaliwa.

"Mzee Del. Nafasi ilikuwa moja. Cort ameshaambiwa?"

"Ingia kwenye gari, mwanangu. Kikao."

Waliendesha wakifuatana, Delbert mbele akipiga honi kama mwenye mgonjwa, akivuka taa ambazo hazikuwa kijani sana. Isom, kishikwambi chake kimerudi mkononi, aliingia chumba cha kikao wakati kocha anashika kitasa cha mlango aufunge. Pruett, aliyekuwa ukumbini mikono kifuani, alitazama saa yake, akamtazama Delbert, akatikisa kichwa polepole. Alionekana mtu aliyenyang'anywa kitu halali yake.

"Hayo yameisha," alisema. "Sasa Mays. Nilikwambia nusu saa. Yuko wapi?"

"Namwendea."

"Hujamwendea? Mungu wangu, Del. Siku zote ulikuwa unaifanya kazi hii bila mtu kukusikia."

Delbert alipanda ngazi za hoteli taratibu kuliko alivyohitaji. Ghorofa ya pili ilinukia sabuni na viatu. Mlango wa chumba ulikuwa umeachwa nusu wazi, na ndani mtu alikuwa anacheka. Kitanda cha Isom kilikuwa kimetandikwa vizuri. Kwenye kabati Cortland alikuwa ametundika mashati yake yote, moja moja, na begi lake tupu amelisukuma chini ya kitanda kama mtu asiyekusudia kulihitaji tena. Delbert alibisha, na kijana akageuka na simu sikioni, uso umemeremeta.

"Mzee Del! Ingia, ingia. Kocha ametuma neno nisiende kikaoni, nipumzike. Najua umekuja kuchukua vitu vya Isom. Maskini Isom. Nilikuona kutoka dirishani ukimwita, nikakaa chini nikalia, wallahi, nililia kwanza kabla ya kufurahi. Hebu subiri. Sema na bibi yangu, ndiye aliyenilea. Bibi, huyu ni mzee wa hapa!"

Kabla Delbert hajakataa, simu ilikuwa sikioni mwake.

"Nani huyo?" ilisema sauti ya bibi kizee, na nyuma yake kelele za nyumba iliyojaa watu. "Mungu akubariki, baba, wewe na wote mnaomtunza. Hapa mchungaji amekuja, majirani wamekuja, sufuria ya pili iko motoni. Nilisema tangu anatambaa, nikasema miguu ya mtoto huyu itatulisha. Si nilisema?" Sauti kadhaa zilimwitikia kwamba alisema.

"Ndiyo, mama," Delbert alisema.

Cortland alikuwa anamtazama bado akicheka, akingoja aseme neno la hongera, na Delbert alihisi uso wake, ule uso mkavu ulioajiriwa kwa sababu hausemi, ukimwacha. Midomo ilimcheza. Kijana aliona. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Bibi, nitakupigia," alisema, akakata.

Aliketi kitandani. Nje mtu alipita akiburuta begi lenye magurudumu, kelele ikafifia.

"Lakini ulimfuata Isom," Cortland alisema. "Nilikuona kwa macho yangu. Alikupa kishikwambi."

"Nilikwenda kumwambia amebaki. Hakunisubiri nimalize."

"Ulikwenda kumwambia amebaki." Alilirudia kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Wewe humwambii mtu hivyo. Tangu nifike naambiwa, Mturuki akimwendea mwenzako, wewe pumua. Nimepumua, mzee. Nimempigia bibi, nimempigia kocha wangu wa shule, nimempigia kila mtu ninayemjua."

"Najua."

"Ungekuja kwangu kwanza." Hakupaza sauti, na Delbert alitamani apaze. "Ungekuja kama unavyokuja kwa wengine, na ule uso wako. Ningejua nikaenda zangu. Nimeangusha mipira, sikatai. Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo."

"Nisamehe, mwanangu." Hakuwahi kumwambia neno hilo mchezaji yeyote.

Cortland alivuta kishikwambi kutoka chini ya mto, akakiweka juu ya magoti, akakifuta kioo kwa kiganja. Kisha akabonyeza namba kwenye simu yake, na badala ya kuiweka sikioni akaisogeza mbele ya Delbert.

"Bibi yangu ana moyo mbovu, na nyumba imejaa watu," alisema. "Mimi sijui nianzie wapi. Wewe ndiye mwenye kazi hii. Mwambie."

Delbert aliipokea kwa mikono miwili. Haikuita hata mara ya pili. Ilichukuliwa papo hapo, na chumba kikajaa nderemo za watu wa Louisiana.